Herufi za Nakshi Kando ya Barabara Kuu: Fonti za Kizamani Zafaa Wapi Miritini?

Mwenye mkahawa, kinyozi au gesti anayefungua biashara Miritini hupewa mashauri mawili yasiyopatana. Kijana wa duka la uchapishaji humfungulia kompyuta na kumwonyesha fonti ya kizamani: herufi nene zenye serifu zilizopinda, kivuli ubavuni, pengine na maua yaliyochongwa ndani ya mashina ya herufi. Humwambia kwamba hii ndiyo itakayolipa jina lake heshima na kulitenga na majina mengine mia. Fundi wa kuandika mabango naye humwambia aachane na mapambo, aandike herufi kubwa, wazi, zisizo na serifu, maana hii ni njia ya Nairobi na hakuna anayesimama kusoma. Kila mmoja ana yakini na anachosema. Mwenye biashara ana pesa za kibao kimoja tu.

Suala hili lina uzito Miritini kuliko linavyoonekana. Reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, stesheni yake ya mwisho haikuwekwa kisiwani Mombasa bali hapa. Barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu nayo inaanzia hapa. Mahali palipojulikana kwa malori ya makontena, gereji na vumbi la barabara pamekuwa mlango wa mji: abiria wa treni ya Madaraka Express huiona Mombasa kwanza kupitia vibao vya Miritini kabla ya kuiona Ngome ya Yesu au mnara wowote wa Mji wa Kale. Mgeni huyo huja na hamu ya pwani ya kale, na wenye biashara wanaijua hamu hiyo. Ndiyo sababu fonti za kizamani zimepata wateja, na ndiyo sababu inafaa kuuliza kwa makini zinafanya kazi gani na wapi zinaharibu.

Zilikotoka

Serifu ni vikucha vidogo vinavyomalizia ncha za herufi. Fonti nyingi za vitabu na magazeti zinazo. Tunazozizungumzia hapa ni jamii nyingine: serifu zilizotiwa chumvi makusudi, ziwe nene kupita kiasi, zipasuke mara mbili mwishoni, au zipinde kwa ulaini.

Hadi mwisho wa karne ya 18, wachapaji wa Ulaya walichonga herufi kwa ajili ya vitabu. Herufi za William Caslon za miaka ya 1720, kwa mfano, zilikusudiwa jicho lililo karibu na ukurasa. Viwanda vilipoanza kuzalisha bidhaa nyingi kuliko wanunuzi wa mtaa mmoja, yakahitajika matangazo ya ukutani, na herufi za kitabu zikaonekana dhaifu. Katika miaka ya 1810 Vincent Figgins wa London alitoa herufi zenye serifu nzito za mraba, kisha zile zenye ncha zilizopasuka. Mwaka 1845 kiwanda cha Fann Street kikatoa Clarendon ya Robert Besley, ambayo hadi leo ni mama wa fonti nyingi za aina hii. Marekani, Darius Wells aliunda mwaka 1827 mashine ya kuchonga herufi za mbao. Risasi ni nzito na haipoi sawasawa ikimiminwa kwa ukubwa. Mbao haina tatizo hilo. Herufi za urefu wa shubiri na zaidi zikawezekana, na mapambo yakaongezeka kila mwaka.

Wimbi la pili lilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, likiwa na sura ya upole zaidi. Windsor ilitolewa mwaka 1905 na kiwanda cha Stephenson Blake cha Sheffield. Cooper Black, iliyochorwa na Oswald Cooper wa Chicago, ilitoka mwaka 1922: nene, ya mviringo, serifu zake hazina ncha kabisa. Miaka ya 1960 na 1970 ilizirudisha kwenye majalada ya santuri na vitabu. Tunazoziona leo kwenye kompyuta za wachapaji wetu ni wajukuu wa mawimbi hayo mawili: Playfair Display ya mwaka 2011, Abril Fatface, Recoleta ya Jorge Cisterna ya mwaka 2018, na nyingine nyingi.

Jambo moja katika historia hii linazijibu pande zote mbili kwa pamoja. Wanaosema fonti hizi hazikuumbwa kwa mabango wamekosea. Ziliumbwa kwa mabango hasa. Lakini msomaji wa mabango yale alikuwa mtu wa miguu, au aliyekaa kwenye gari la farasi. Hakuwa abiria wa matatu inayokimbilia Mazeras.

Zilivyofika kwetu

Pwani yetu ilipokea herufi za Kilatini za chapa kupitia milango mitatu: misheni, reli na bidhaa. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alichapa Kiswahili Unguja katika karne ya 19 kwa herufi za vitabu vya Kiingereza, na tangu mwaka 1888 misheni hiyo ikawa na jarida la Msimulizi. Wakati huohuo, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na mtambo wake uliochapa kwa Kiarabu. Mji mmoja ulikuwa na chapa mbili na hati mbili.

Mombasa, ujenzi wa reli ulianza mwaka 1896, na mwaka 1902 mfanyabiashara A.M. Jeevanjee akaanzisha hapa gazeti la African Standard. Tiketi, matangazo ya meli, makasha ya chai na mikebe ya biskuti vilileta serifu nzito hadi kwa watu wasiosoma magazeti. Kwa hiyo herufi hizi si ngeni pwani, ila ziliingia kwa mlango wa forodha na wa ofisi. Anayezitumia kusema “hii ndiyo Mombasa ya kale” anaisema Mombasa ya wakoloni na wafanyabiashara wa bandarini, ambayo ni ya kweli lakini ni sehemu tu.

Hoja ya wanaozitaka

Hoja yao ya kwanza ni utambulisho, nayo ina nguvu. Ukipita Miritini, sehemu kubwa ya vibanda imepakwa rangi za makampuni: kijani cha wakala wa pesa za simu, nyekundu ya soda, buluu ya saruji au rangi za nyumba. Jina la mwenye duka hubaki dogo pembeni kwa herufi zisizo na serifu, zilezile za jirani yake. Katika hali hiyo, herufi yenye tabia huonekana kwa sababu tu haifanani na nyingine. Soda yenyewe ni ushahidi wa kutosha. Jina la Coca-Cola limeandikwa kwa mwandiko uliobuniwa na Frank Robinson mwaka 1886, na mwandiko huo bado unatumika. Ukale, ukishikiliwa, hugeuka kuwa mali.

Hoja ya pili ni ya ufundi. Padri Edward Catich, katika kitabu chake cha mwaka 1968, alieleza kwamba serifu za Warumi hazikuanzia kwenye patasi bali kwenye brashi bapa, iliyoandika herufi juu ya jiwe kabla mchongaji hajaanza kazi. Fundi yeyote wa mabango aliyewahi kushika brashi ya namna hiyo anaelewa: brashi inapoanza na kumaliza mstari, serifu huja yenyewe, na ni kuikwepa ndiko kunakohitaji juhudi. Kwa hiyo dai kwamba serifu ni kitu cha kompyuta kilicholetwa kuua kazi ya mkono si sahihi. Mkono wa fundi ndio uliozizaa.

Ya tatu ni bei, au tuseme kutokuwepo kwake. Playfair Display na Abril Fatface zinapatikana bure kwa leseni huria inayoruhusu kuzitumia kwenye nembo, lebo na mabango ya biashara. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu fonti nyingi za nakshi zinazosambazwa bure kwenye mitandao huwa zimeruhusiwa kwa matumizi ya binafsi tu. Mchapaji asiyesoma leseni humwachia mteja deni asilolijua, na deni hilo huonekana siku biashara inapokua na kuanza kuuza nje ya kaunti.

Hoja ya wanaozikataa

Wapinzani huanza na umbali, na hesabu iko upande wao. Kanuni inayotumika kwenye alama za barabara za Marekani ni kwamba kila milimita 25 za kimo cha herufi husomeka kwa takriban mita 9. Kibao chenye herufi za milimita 200 kitasomeka kuanzia kama mita 72. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa humaliza umbali huo kwa sekunde 5 hivi. Likienda kilomita 80, sekunde 3 na kidogo. Na kanuni hiyo ilipimwa kwa herufi zilizobuniwa zisomeke kwa mbali. Abril Fatface, yenye mashina manene na viunganishi vyembamba sana, haiwezi kufika huko: kwa mbali viunganishi hutoweka, na “n” hubaki nguzo mbili zisizoshikana.

Hata hivyo, wapinzani hao huvuka mpaka wanaposema serifu yenyewe ndiyo kosa. Uingereza, ambayo mkondo wake wa alama za barabara umefuatwa na Kenya, ililipima jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jock Kinneir na Margaret Calvert walichora herufi zisizo na serifu kwa barabara kuu mpya. Mchongaji wa herufi David Kindersley akapinga na kuleta zake, herufi kubwa zenye serifu. Maabara ya utafiti wa barabara ikawakalisha watu kwenye uwanja wa ndege wa Benson huku gari lenye alama juu ya paa likiwajia. Herufi za Kindersley zilisomeka mbele kidogo ya nyingine. Tofauti ilikuwa ndogo, na serikali ikachagua za Kinneir na Calvert kwa sababu ya sura. Jaribio hilo halikupima nakshi. Serifu za Kindersley zilikuwa fupi, imara, zilizopangwa kwa kazi moja. Lakini linatosha kuondoa imani kwamba kikucha mwishoni mwa herufi kinaizuia kusomeka. Kinachozuia ni mstari mwembamba kupita kiasi, kivuli kinachoziba nafasi, na pambo lililoingia ndani ya shina.

Kuna pia hewa yetu. Chumvi na unyevu wa pwani, jua kali, na vumbi la malori hula ncha kwanza. Stika iliyokatwa kwa mashine huanza kubanduka penye pembe kali na vipande vyembamba, na fonti ya nakshi imejaa vitu hivyo. Kwenye bango la turubai mistari myembamba hufifia kabla ya minene, na baada ya misimu michache ya jua jina hubaki nusu. Fundi wa kuchomelea geti atakuambia jambo hilohilo kwa njia yake: kukata serifu iliyopasuka kwenye bamba la chuma ni kazi ya muda, na kila kona ni mahali pa kutu kuanzia. Gharama ya pambo hailipwi siku ya kwanza tu.

Kiswahili chenyewe kinasemaje

Mjadala huu huendeshwa kana kwamba herufi ni zilezile katika kila lugha. Fonti hizi zilichorwa na kupimwa kwa Kiingereza na lugha za Ulaya, na Kiswahili huzifanyia kazi tofauti.

Tazama jina la Miritini. Lina herufi nane, na nne kati yake ni “i”. Likiandikwa kwa herufi kubwa zisizo na serifu, I zote nne husimama kama fito za ua, na jicho hulazimika kuhesabu. Clarendon au jamaa zake huipa kila I miguu na kichwa. Nafasi hugawanyika, na neno hupata umbo. Lakini ukichagua toleo lililobanwa kwa upana, miguu hiyo hugusana na kuwa mstari mmoja mweusi juu na mwingine chini. Kwa herufi ndogo tatizo hupungua, kwa kuwa nukta nne hufanya kazi ya kutofautisha. Mtu anayefungua biashara yenye jina la Miritini, Mikindani au Likoni ana sababu ya kweli ya kutaka serifu nzito zenye nafasi, sababu ambayo mwenzake wa Changamwe hana kwa kiwango hichohicho.

Majina ya Mwembe Tayari, Mwache au Kwa Jomvu yana shida ya upande mwingine. M na W ndizo herufi pana kuliko zote, na Kiswahili huzitumia kila mara: mw, kw, mwa, ngw. Fonti ya kizamani iliyo pana hulifanya jina likose nafasi kwenye kibao cha kawaida, na mchapaji hulibana kwa kompyuta mpaka mashina ya wima yakonde na ya mlalo yabaki manene. Huo ndio ubaya unaoonekana zaidi kando ya barabara hii, na si kosa la fonti. Ni kosa la kuilazimisha. Alama ya ng’ nayo hupuuzwa. Kwenye fonti nyingi za nakshi kibainishi hicho ni kikubwa na kimekaa mbali, hivyo kinatoboa tundu katikati ya neno ng’ombe kwenye bucha. Mchapaji mwenye kujali husogeza kwa mkono, kazi ya dakika moja.

Ukale upi ni wetu?

Hapa ndipo mjadala unapokuwa na thamani kubwa, na ndipo unapofanywa kwa haraka mno. Mji wa Kale wa Mombasa una milango iliyochongwa, na juu ya baadhi yake kuna maandishi ya Kiarabu ndani ya nakshi. Nakshi tunazo, na ni zetu. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu, watu walibishana sana kuhusu rangi ipi ni ya asili ya Mombasa. Herufi zinastahili ubishi wa namna hiyo.

Kanga inatufundisha zaidi ya mlango. Miongoni mwa maandishi yaliyosomwa na watu wengi pwani kwa karne nzima ni ya kanga, kwanza kwa hati ya Kiarabu, kisha kwa ya Kilatini. Nayo kwa kawaida ni herufi kubwa, nyoofu, zisizo na pambo lolote. Pambo lote limewekwa kwenye pindo na kwenye mji, yaani sehemu ya kati ya kanga. Jina, yaani maneno ya kanga, limeachwa wazi lisomeke. Wachoraji wa kanga walitatua, kwa kitambaa, suala lilelile linalowatesa wenye vibao: nakshi iwe na mahali pake, na ujumbe uwe na mahali pake. Sioni kwa nini kibao cha mkahawa kisichukue mpango huo, pindo la nakshi za pwani likizunguka jina lililoandikwa kwa herufi imara. Mgeni anayeshuka stesheni angeiona Mombasa hapo zaidi kuliko katika herufi za mbao za Marekani.

Upande wa Kiarabu pia umesahaulika. Madrasa, misikiti na kadi za harusi huweka hati mbili pamoja, na mara nyingi Kilatini hupewa fonti ya nakshi huku Kiarabu kikiachiwa chochote kilichomo kwenye kompyuta. Fonti ya Amiri ya Khaled Hosny, ambayo pia ni ya bure, imefufua herufi za chapa ya Bulaq ya Cairo za mwanzoni mwa karne ya 20. Ikiwekwa kando ya serifu ya kitabu yenye utulivu, hati hizo mbili hukaa kama watu wa enzi moja. Ikiwekwa kando ya Cooper Black, hazisikilizani.

Kupima

Uamuzi usianze na swali la “ya kizamani au ya kisasa”. Uanze na msomaji: yuko mbali kiasi gani, na ana sekunde ngapi. Serikali yenyewe ilipopanga kanuni za matatu zilizoanza kutumika Februari 2004, iliweka ukanda wa manjano wenye maelezo ya njia. Michoro imezuiwa na kuruhusiwa tena tangu hapo, lakini abiria bado anahitaji kujua gari linakwenda wapi kabla halijampita.

Kwa kibao kinachoitazama barabara kuu, nakubaliana na fundi, kwa sharti moja: asiharamishe serifu. Nzito, fupi, zenye nafasi, za ukoo wa Clarendon, zinafaa kwa jina la neno moja au mawili, na kwa Miritini zinafaa hata kuliko nyoofu. Vivuli, maua na mistari myembamba viondoke. Namba ya simu na huduma ziandikwe kwa herufi nyoofu kila mara, kwa kuwa tarakimu za baadhi ya fonti za kizamani hupanda na kushuka, na 1 zake mara nyingine hufanana na I.

Ukiingia ndani ya duka, hukumu inageuka. Lebo ya marashi, boksi la halua, karatasi ya bei mkahawani, kadi ya harusi, cheti cha madrasa: hivi hushikwa mkononi, kwa umbali wa chini ya nusu mita, na msomaji ana muda wa kutosha. Hapo Playfair Display na Recoleta hufanya kazi ambayo herufi nyoofu haziwezi. Huambia mkono kwamba kilichomo kimeandaliwa kwa uangalifu. Kuzikataa hapo kwa hofu ya barabara ni kumnyima mfanyabiashara mdogo chombo cha bei nafuu dhidi ya bidhaa za kiwandani. Hata hapo, fonti moja ya nakshi inatosha kwa jina, na maelezo yaachiwe herufi ya kusomeka. Orodha ya viungo iliyoandikwa kwa Abril Fatface haimheshimu mtu mwenye mzio wa karanga.

Lililo gumu zaidi ni la katikati: mkahawa ulioko uchochoroni mbali na njia kuu, ambako mteja huja kwa miguu kutoka stejini. Hapo kibao kinasomwa kwa mwendo wa mtu, ule ule uliokuwa wa London ya Figgins, na fonti za nakshi hurudi nyumbani kwao. Ni hapo pia mafundi wa brashi waliobaki wanaweza kupata kazi ambayo mashine ya stika haiwezi kuwashinda, kwa sababu herufi ya kizamani iliyoandikwa kwa mkono, kwa rangi ya mafuta juu ya ukuta uliopigwa plasta vizuri, haina pembe ya kubanduka. Mwenye mkahawa akitaka kibao cha namna hiyo, na ajadiliane na fundi kabla hajaenda kwa kompyuta, amwonyeshe ukuta na jina, na amwachie achore serifu kwa upana wa brashi yake.